Kiti cha Nyuma

Karibu maisha yake yote Mzee Kibwana alikuwa akiwapeleka abiria uwanja wa ndege kwa gari lake. Lakini siku binti yake Mwanahawa alipoondoka kwenda kusoma ng'ambo, alipiga simu akakodi gari la mtu mwingine.

"Baba, mbona hukuendesha mwenyewe?" binti aliuliza walipokwisha kuketi nyuma.

"Ningeendesha, ningeitazama barabara tu."

Mwanahawa alicheka, kisha akamwegemea begani kama alivyozoea utotoni. Machozi yakamlengalenga mzee, akaona haya, maana alijua dereva huona kila kitu kwenye kile kioo cha juu. Hemedi, dereva wao, akakiinua kioo hadi kikatazama paa.

"Ahsante, mwanangu," mzee alisema kwa sauti ya chini.

"Samahani, mzee wangu, foleni ya leo imezidi."

"Wala usijali. Muda tunao."

Mbele yao magari yalikuwa yamejipanga hadi darajani. Taa ikawaka kijani, wala halikusogea hata moja. Mwanahawa alikuwa amesinzia. Mzee Kibwana akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akalivumilia bega lililoanza kufa ganzi, asije akamwamsha.