Herufi Sitini na Nne

Kabla ya kuruhusu programu mpya ya mashine za dripu, Mwanakheri alilinganisha alama yake ya uhakiki, ule mfuatano wa herufi unaobadilika programu ikichezewa, na ile ya asili, herufi kwa herufi, zote sitini na nne. Zililingana. Kufikia saa nne asubuhi, wodini wagonjwa watatu waliokuwa kwenye mashine hizo walikuwa wamefunikwa shuka hadi usoni.

“Ile ya asili uliitoa wapi?” bosi wake, Kitwana, aliuliza taratibu.

“Ilikuja humohumo na programu. Kuwauliza watengenezaji kungechukua siku nzima.”

“Basi aliyeichezea programu ndiye aliyekuletea na shahidi.”

Mwanakheri alirudi kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaanza upya. Huko nje mama mmoja alikuwa akiita jina la mwanawe. Herufi ziliendelea kulingana.