Betri ya Bi Hester

Hii ni kweli tupu, naapa kwa meno yangu mawili yaliyobaki. Ndivyo nilivyowaambia jana pale baa, na nikaongeza kwamba atakayenikamata na uongo, hata wa ukubwa wa punje, nawanunulia bia wote, mpaka yule mgeni mwenye koti la mvua aliyetupa mgongo akiota moto. Wakacheka. Wananijua.

Basi. Saa saba mchana, Alhamisi moja ya Novemba, mwaka wa nne baada ya vita, Bi Hester Metcalfe alisimama jikoni kwake na mwiko mkononi, sufuria inaungua na yeye haioni.

Redio ilikuwa imetoka kusoma tangazo la dharura, kama ilivyokuwa desturi kabla ya taarifa ya habari. Clifford Tranmer, aliyehamishiwa mashambani kutoka mji wa Hull wakati wa mabomu ya Wajerumani, popote alipo aende upesi hospitali fulani. Mama yake yu mahututi na anamwita. Hospitali gani, Bi Hester hakusikia. Mbwa alibweka papo hapo.

Clifford alikuwa wake. Alimpokea ana miaka saba, kadi ya jina inaning'inia shingoni, hajui hata ng'ombe hukamuliwa wapi. Nyumba yao ya Hull ilibomolewa, mama mtu akahamahama, zikaja barua mbili, kisha zikakoma. Sasa kijana alikuwa na miaka kumi na sita, akimwita Bi Hester mama, na saa ile alikuwa juu kilimani na kondoo. Hashuki mpaka jioni.

Tangazo lingerudiwa saa kumi na mbili.

Bonde lile halikuwa na umeme wala simu, na jirani wa karibu alikuwa mwendo wa saa nzima kwa mguu. Kulikuwa na redio tu, na redio yenyewe ilinyonya betri ya kioo iliyojaa tindikali, nzito kama mtoto mchanga aliyeshiba. Mimi ndiye niliyekuwa nikizigawa kwa gari kila Alhamisi. Naacha iliyojaa, nachukua iliyochoka nikaichaji mjini. Ya Bi Hester ilikuwa imebakiza pumzi za mwisho. Na siku hiyo, kwa bahati mbaya, gari langu likakwama darajani.

Bi Hester kwa betri alikuwa mchoyo kuliko kwa mayai, na mayai wakati ule yalikuwa bado ya mgao. Redio aliiwasha kwa habari na ibada ya Jumapili, basi. Lakini siku hiyo hakuizima. Kesho yake aliniambia alihofia kwamba akiizima haitawaka tena.

Ikapiga muziki wa kuwachangamsha watu wa viwandani. Bwana mmoja akaeleza kwa kirefu namna ya kuzuia minyoo kwenye vitunguu. Ikaja tamthilia, mume na mke wanagombana kwa adabu. Bi Hester ameketi wima mbele ya sanduku lile, mikono mapajani, midomo imekauka. Sauti ameifungulia mpaka mwisho, kuku wanaisikia uani. Chai aliyomimina saa nane ilipoa ikafanya ngozi.

Saa kumi na moja kikaanza kipindi cha watoto. Mama mmoja alikuwa akisimulia habari za sungura aliyepotea njia, na sauti yake ikaanza kukonda. Bi Hester akaweka kiganja juu ya redio, kama mtu anayepima homa.

"Bado kidogo," aliiambia. "Kidogo tu."

Dakika tano kabla ya saa kumi na mbili mlango ukafunguliwa. Clifford aliingia na matope yake mpaka magotini, na kama kawaida yake akaenda moja kwa moja kutega sikio redioni kabla ya kuvua buti. Redio ilikuwa inanong'ona kama mbu ndani ya chupa. Ikalia mlio wa kwanza wa saa. Ikalia wa pili. Kisha kimya.

"Imekufa, mama."

"Imekufa," akasema Bi Hester, na machozi yakamtoka, yale ya kulia mpaka mabega.

Clifford akamkumbatia na matope yake yote. "Unalilia redio, mama? Mwache huyo mvivu wa betri aje kesho, nitamvuta masikio mpaka awe punda."

Bi Hester akampakulia viazi na kabichi. Hakumwambia kitu. Utamwambiaje mtoto kwamba mama aliyemzaa anakata roho, na ukiulizwa wapi huna jibu? Ijumaa asubuhi nilipofika na betri nilimkuta macho mekundu. Lakini mahututi hangoji betri.

Nikaishia hapo. Watu walikuwa wanafuta macho. Hata Seth, ambaye hajawahi kuamini neno langu lolote, alikuwa anapenga kamasi.

Yule mgeni akauliza bila kugeuka, "Gari lilikwama wapi, ulisema?"

"Darajani, bwana. Tangu saa nane mpaka giza."

"Kutoka kule juu kilimani daraja linaonekana lote," akasema taratibu. "Gari lako lilipita saa tisa kwenda kwetu, na kondoo hawajahama malisho likawa limesharudi."

Nikasimama nikawalipia wote, kama nilivyoapa. Bia ya mgeni nilimpelekea mwenyewe, nikaimwaga nusu njiani, nikamwambia lililobaki: betri niliifikisha mpaka mlangoni, imejaa, na Bi Hester akanipa mayai kumi na mawili niirudishe mjini, nimwachie ile inayokufa.