Nafasi ya Marehemu

Moto ulipoteketeza msitu wa bara, Paa na dada yake walishikilia gogo wakavuka bahari. Walipokaribia kisiwa cha mbuzi, Beberu, mkubwa wa hapo, aliwasukuma kwa pembe.

"Rudini mlikotoka. Kisiwa kimejaa, hata pa kusimama hapana."

Dada alichoka, akazama. Wimbi lilipomtupa ufukweni amekufa, mbuzi walibadilika, maana kwa mazishi hawakuwa na mpinzani. Walimwosha chumvi, wakamchimbia kaburi penye kivuli, na Beberu akahutubia mpaka ndevu zikalowa machozi.

Paa aliyaona yote akiwa bado kwenye gogo. Akafumba macho, akaliachia, akaelea kama mzoga.

Wakambeba kwa heshima, wakamlaza kwenye majani laini, wakaanza kuchimba.

"Maskini," alisema Beberu. "Laiti angefika hai. Tungemlisha, tungemwita mwanetu. Kiwanja hiki ni chake milele."

Paa akainuka, akajikung'uta mchanga.

"Ahsante, baba. Nimefika hai. Shimo lifukieni, kiwanja nimekipokea."

Vilio vilikatika. Mbuzi wote walimgeukia Beberu, naye akajifuta ndevu, uso umemkunjamana kwa hasira.

"Mrudisheni majini," alisema. "Kiumbe huyu hana haya hata kidogo. Sisi tunamlilia kwa moyo mweupe, kumbe mzima."