Godoro Sakafuni

Mashavu alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kufunga zipu ya ile suruali nene ya theluji, aliyoinunua kwenye mitumba, kulimtoa jasho. Wiki ijayo angesafiri kwenda kwa mdogo wake Nuru, katika nchi ya baridi, wakajifunze kuteleza kwenye theluji kwa ubao. Tangu aanze kumuuguza mama yao hakuwahi kulala nje ya nyumba hii. Sasa kaka yao, Hamduni, alikuwa amekuja kumpokea kazi ya kumuuguza mama.

"Kwanza ujue kuanguka, dada," Nuru alimwambia kwenye simu. "Kunja magoti, usitangulize mikono. Jaribu kwenye godoro."

Akalishusha godoro sakafuni, akaligeuzia mgongo, akajiachia. Alipofika chini hakuinuka. Alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kulala mchana.

"Mashavu! Maji!" mama aliita kutoka chumba cha pili.

Miguu yake ikaanza kutafuta kandambili kabla hajaamua lolote. Kisha akasikia hatua za Hamduni, na kikombe kikigonga mtungi.

"Wewe sikutaki," mama alisema. "Niitie Mashavu."

"Mashavu amepumzika, mama. Kunywa."

Mashavu aliushika ukingo wa godoro kwa mikono miwili, asije akaenda.

"Haya, ninyanyue kichwa basi," mama alisema mwishowe. "Siyo hivyo. Taratibu."

Mashavu akabaki chali katika joto lile, suruali ya theluji mwilini, akisikiliza mama anavyokunywa, funda moja moja.