Ngozi ya Mlango wa Nyuma

Gari zima lilikuwa limechubuka kama magoti ya mtoto, ila mlango mmoja tu wa nyuma ndio uliokuwa umevishwa ngozi.

Ngozi ndivyo mafundi wanavyoiita ile plastiki nyembamba inayobandikwa juu ya rangi ya gari isikwaruzwe. Watu huvisha gari jipya, tena mbele, kwenye boneti, mawe yanakoruka. Mzee aliyelileta gari hili alikuwa amevisha mlango wa nyuma wa gari kuukuu, na jua lilikuwa limeipika ngozi yenyewe mpaka ikawa ya njano, imejaa ukungu, huoni kilicho chini yake.

"Kila mtu na wazimu wake," fundi alijisemea, akawasha mashine ya hewa ya moto.

Gereji nzima ilimwita Pasi. Jina alilipata siku alipounguza boneti ya mteja kwa mashine hiyo hiyo, ikabaki na doa kama shati lililosahauliwa chini ya pasi. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Bosi, mama mwenye ulimi usio na breki, hakucheka. "Siku rangi ya mteja itakapotoka tena," alimwambia, "na wewe unatoka nayo." Nyumbani mke wake alikuwa mjamzito, siku zimekaribia, na Pasi aliogopa kufukuzwa kuliko alivyoogopa kifo.

Mzee alisimama nyuma yake, karibu mno.

"Fundi, chini kutabaki kama kulivyokuwa?"

"Kabisa, mzee."

"Maana siku hizi sioni kitu hapo chini. Ukishabandua, mpya ibandikwe leo hii hii."

"Itabandikwa."

"Na hapo chini ya kitasa, kwenye kona, taratibu sana. Hapo kuna..."

"Wala usiwe na wasiwasi," Pasi alimkatiza. Mteja anayesimamia kazi alikuwa akimtia kiwewe. "Nitakuachia safi, hutaamini macho yako."

Mzee alijifuta uso kwa kiganja. "Ukifika kwenye kona hiyo simama, uniite. Mimi siwezi kutazama." Akaenda kukaa ofisini kwa bosi, akitembea kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Ngozi kuukuu haina huruma. Ukiivuta kwa pupa inaondoka na rangi. Usipoipasha vya kutosha inakatika vipande vipande, na ukizidisha moto, basi unapewa jina la pasi. Inataka uilaze na kuivuta kidogo kidogo, kama unavyobandua plasta kwenye kidonda cha mtu unayempenda. Pasi aliivuta hivyo, mgongo ukimuuma, jasho likimwingia machoni. Sehemu ya juu ikatoka salama. Ya katikati nayo ikatoka, na rangi ikabaki pale pale.

Alipofika kwenye kona alikumbuka kwamba aliambiwa aite. Nimalize hiki kipande tu, akasema moyoni. Akavuta.

Chini yake palikuwa na mikwaruzo.

Mistari myembamba, imepinda, mingine inazunguka, ovyo ovyo kama mahali alipoparua kuku. Pasi alikitazama kisu chake cha kubandulia. Kilikuwa cha plastiki, butu, kisingeweza kufanya vile. Lakini nani angemwamini? Mzee alisema chini kubaki kama kulivyokuwa. Bosi angeutazama mlango, angemtazama yeye, na asingeongeza neno.

Alichungulia. Kupitia kioo cha ofisi alimwona mzee ameinama, kichwa mikononi. Pasi akapitisha ukucha juu ya mistari ile. Haikuwa imezama. Mungu si Athumani, akawaza, na mikono yake ikaanza kazi kabla hajaipa ruhusa.

Msasa laini wenye maji. Kisha polishi. Kisha mashine ya kung'arisha, ambayo leo ilinguruma kama inamsemea. Kila mara alidhani amesikia mlango wa ofisi ukifunguliwa. Mistari ikafifia, mmoja baada ya mwingine, isipokuwa mmoja mrefu uliogoma. Akaukandamiza, akaurudia, akaukandamiza tena. Nao ukafutika.

Akapangusa kwa kitambaa. Kona ile iling'aa hata akajiona uso. Akashusha pumzi, akaenda kumwita mteja.

Mzee alikuja karibu mbio, bosi nyuma yake. Bosi ndiye aliyetangulia kuinama. Akautazama mlango juu mpaka chini, akatafuta kosa na hakulipata.

"Leo umefanya kazi, Pasi," alisema. "Mwone, kumbe anaweza."

Pasi alitaka kucheka kwa furaha. Aliiona tayari jioni yake, anavyoingia nyumbani na kumsimulia mke wake jinsi alivyoponea chupuchupu.

Mzee alipiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta. Akapitisha kiganja pale chini ya kitasa. Akakirudisha. Kisha akatumia ncha za vidole, polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Nimekuachia safi, mzee," Pasi alisema.

"Hapa nilikuwepo mimi," mzee alijibu kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Binti yangu alinichora kwa jiwe, nikamfokea mpaka akalia. Tulipomzika, ndipo nikaleta gari livishwe ngozi hapa, nisije nikafutika."