Uchungu wa Mnavu

Siku hizi mwanamke aliyewahi kutolewa uvimbe kwenye kizazi, akishika mimba, sheria inamtaka avae mkanda. Mkanda unasikiliza lile kovu, unasikiliza na maneno ya nyumbani, na ukihisi hatari unaita wenyewe gari la angani la hospitali.

Mjukuu wangu Nakijwa alikuwa na mimba ya miezi minane, na mkanda wake tumboni. Nikampikia mnavu, nikaonja, nikapiga kelele, "Lo! Uchungu gani huu!"

Mkanda ukajibu, "Uchungu umeanza. Tulieni."

"Ni mboga!" Nakijwa akacheka mpaka akashika ukuta. "Bibi, uambie basi!"

"Niuambie mimi, mke mwenzangu? Mimi nimeishia darasa la tatu, huo una digrii."

Gari likashuka uani, kuku wakatawanyika. Mkunga akampima Nakijwa huku naye akicheka, halafu akarudia kumpima. Kovu lilikuwa limebaki jembamba kama ganda la kitunguu. Wakampeleka hospitali, wakamfanyia upasuaji mchana uleule.

Mtoto wa kike, kilo tatu kasoro! Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Jana wamekuja kuuchukua mkanda, avalishwe mwanamke mwingine. Nimeuficha. Siku ile, hata gari lilipokuwa uani, taa ya mkanda ilikuwa bado ya kijani, na maandishi yake: kovu salama.