Droo ya Mboga

Tulipu bila baridi hazichanui, na mwaka huu baridi haikuja. Makaburi yote kijijini yalitoa majani matupu, isipokuwa la marehemu mume wangu. Pale zilisimama nyekundu tele, na mimi sikupanda hata moja.

Kuna mtu alivilaza vitunguu vya maua yale, vile vinavyopandwa ardhini, kwenye friji vipate baridi.

Aaltje, jirani yangu, alinikaribisha kahawa. Nikafungua friji yake nichukue maziwa. Kwenye droo ya mboga kulikuwa na udongo, na ganda kavu la kahawia la kitunguu cha ua. Nikaligusa, likavunjika vidoleni.

"Maziwa huyaoni, shoga?"

"Nimeyaona. Na udongo nimeuona."

Kijiko chake kikaacha kukoroga.

"Alizipenda nyekundu," akasema, bado kanipa mgongo.

"Nani? Yule aliyeniambia miaka yote maua yanampa mafua?"